Mikono ya Mashineni

Sogeeni, sogeeni, wa nyuma nao wapate pa kuweka makalio. Nchi inayosemwa hapa haina jina. Si kwamba limesahaulika. Lilipelekwa kwenye kamati libadilishwe liwe la kisasa zaidi, na mpaka leo halijarudi. Mtu akidhani amewahi kuiona nchi hii mahali fulani, ni macho yake tu. Ayapumzishe.

Jiji kuu la nchi hiyo lina vilima vitatu, na juu ya kilima cha tatu kuna mtaa unaoitwa Mashineni, kwa sababu ya mashine ya kusaga nafaka ya Bi Siwema binti Mbwana. Mashine yenyewe aliirithi kwa mama yake: injini ya dizeli inayowashwa kwa hendeli, mkanda mrefu, kinu, na bomba la kutolea unga lililofungwa mguu wa suruali ya marehemu baba yake. Ikishaanza kunguruma, bati za paa hucheza, meno hugongana, na mtoto aliyekuwa akilia hunyamaza kwa kuona hawezi kushindana. Watu wote wa foleni hutoka humo weupe kuanzia nyusi mpaka kandambili, hata ukawadhania wamezaliwa tumbo moja. Na mambo yote ya mtaa, nani kaolewa, nani karudishwa, nani kaonekana wapi na kilemba cha nani, yalianzia kwenye foleni hiyo, nje kidogo ya mlango, kabla ya kelele kumeza maneno.

Mashine nyingine ilikuwa ng'ambo ya bonde, mwendo wa saa mbili ukiwa na debe kichwani. Kwa hiyo mashine ya Siwema ikifa, Siwema hali, na Mashineni nzima inapika mahindi ya kuchemsha mpaka taya ziume.

Kwa kuwa humo ndani hata mtu akipiga mayowe hasikiki, watu wa Mashineni walikuwa na lugha yao ya mikono tangu enzi za mama yake Siwema. Kiganja wazi juu: nisagie dona. Ngumi juu: nikobolee kwanza, nataka sembe. Vidole viwili: rudia, bado una chenga. Ishara ya nne haikuwa na mpenzi. Siwema akichota nafaka kwenye debe la mtu akakuta ina wadudu, aliinua mkono juu kabisa ili foleni nzima ione, akasugua kidole gumba na cha shahada, kisha akavifyatua pembeni kama mtu anayetupa uchafu. Maana yake: hii ina fukusi, haiingii kinuni, irudi ilikotoka. Aliyeonyeshwa ishara hiyo alibeba debe lake akaondoka bila kuaga, na wiki nzima akawa ndiye habari.

*

Basi mwaka wa uchaguzi akaja Anzuruni Kilimba, mgombea udiwani wa Chama cha Mbele Zaidi.

Anzuruni alikuwa mwanamaendeleo wa kweli. Alivaa miwani isiyo na vioo, kwa sababu vioo, alisema, ni ukuta kati ya kiongozi na wananchi. Alipanda kilima kwa baiskeli ili asichafue hewa, na nyuma yake zilipanda gari tatu: ya kwanza imebeba maji yake ya kunywa, ya pili imebeba mpiga picha, ya tatu imebeba baiskeli ya akiba.

Alipofika, mashine ilikuwa inasaga. Wapambe wakamfanyia Siwema ishara ya kukata shingo, yaani zima. Siwema akatikisa kichwa. Debe la Chausiku lilikuwa nusu kinuni, na unga hauachwi njiani. Wapambe wakaanza kuvimba. Anzuruni akawazuia kwa kiganja laini.

"Iacheni! Mimi sikuja kuvuruga maisha ya wananchi!" Haya yalijulikana baadaye, kwenye gazeti. Siku ile hakusikika.

Akahutubia dakika arobaini. Watu waliona midomo ikienda, mikono ikikumbatia hewa, jasho likichora mifereji kwenye unga wa usoni. Alipomaliza walimpigia makofi, kwa sababu mtu akichoka vile mbele yako ni adabu kumpa kitu.

Nje, Chausiku alikuwa wa kwanza. Chausiku ni yule jirani ambaye kila mtaa unaye: habari isipopita kwake inahesabiwa haijatokea.

"Mmemsikia? Bomba la maji mwezi wa sita."

"Bomba wapi, shoga? Kasema zahanati."

"Kasema barabara ya lami mpaka kwa shemeji!"

Siwema hakubisha. Yeye aliona kwa macho yake mgombea akiigusa mashine begani kama anavyoguswa ng'ombe mwenye afya, akitabasamu. Akaelewa kuwa ameahidiwa mkanda mpya. Siku ya kura akamchagua kwa moyo mweupe, na mtaa mzima ukamchagua, kila mtu kwa ahadi yake. Hakuna mgombea aliyewahi kuahidi mengi kiasi kile kwa kutosikika.

*

Mafanikio ya Mheshimiwa Diwani Anzuruni yalianza wiki ileile, na mtu mwenye haki hawezi kuyaficha.

Kwanza alifuta ubomoaji. Kabla yake, vibanda vya watu vilikuwa vinabomolewa kikatili. Yeye akapitisha azimio kwamba kuanzia sasa kibanda hakibomolewi, kinapumzishwa. Mgambo wa jiji wakaitwa Walezi wa Mitaa, wakapewa semina ya siku nne ya upole, na rungu zao zikapakwa rangi ya kijani na kuandikwa POLE kwa herufi nzuri za kutokeza. Aliyepigwa aliweza kulisoma neno hilo mgongoni kwake kwa kioo, likiwa limenyooka na linasomeka vizuri.

Pili, alileta usawa. Nusu ya Walezi wakawa wanawake, na kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi hiyo, kibanda cha mama muuza maandazi kilipumzishwa na mwanamke mwenzake. Mheshimiwa alitokwa na machozi pale pale. Mama muuza maandazi naye alilia, na picha ya wote wawili wakilia pamoja ilitundikwa ofisini, imeandikwa chini: Mshikamano.

Tatu, alivunja meza kuu. Viti vya vikao, alisema, ni mabaki ya utawala wa kale. Kiongozi akae chini na watu wake. Akaletewa mkeka. Mkeka ukazungushiwa kamba nyekundu ili wananchi wasimkanyage kwa mapenzi.

Nne, aliweka sanduku la maoni la kioo kitupu, ili pasiwe na siri, na akaliweka juu ya paa la ofisi ili lisiibiwe. Kila Ijumaa lilifunguliwa mbele ya waandishi wa habari na kukutwa halina kitu. Mheshimiwa alitangaza malalamiko yamekwisha.

Lakini la tano ndilo lililokuwa mboni ya jicho lake. Alifuta kura za siri. "Kwa nini mwananchi huru ajifiche nyuma ya pazia kama anayekoga?" aliuliza, na Halmashauri nzima ikaona haya. Badala yake akatunga Kifungu cha Tisa, ambacho kila mtoto wa shule alikikariri:

"Mkono ulioinuliwa mbele ya karani ni mkono uliokubali hoja iliyopo, bila kujali nia, hali ya hewa wala hali ya kwapa. Uamuzi huanza kutumika papo hapo, ili mwananchi asicheleweshewe demokrasia yake. Hautenguliwi ila kwa mikono mingi zaidi, ukiwemo wa Mheshimiwa mwenyewe."

*

Mwaka wa pili Mheshimiwa alisafiri kwenda nje kujifunza, akarudi na neno jipya. Huko alikokwenda, alisema, wakubwa hawazungumzii tena barabara wala maji, wanazungumzia ukimya. Miji iliyoendelea ina mahali pa kunyamaza. Jiji letu, kwa aibu kubwa, halina. Na kwa kuwa haki huanzia pale dhuluma ilipo kubwa, Bustani ya Ukimya itajengwa mahali penye kelele kuliko pote.

Sheria ilidai wananchi washirikishwe. Mheshimiwa naye alidai washirikishwe katika mazingira yao halisi. Hivyo Jumamosi moja, foleni ikiwa imefika mpaka kwa fundi cherehani, akapanda tena kilima, safari hii akiwa na Karani Hatibu Ngonyo.

Huyu Hatibu alikuwa mtu mwaminifu kupita kiasi. Aliandika alichokiona, kama alivyokiona, na hakuwahi kuongeza wala kupunguza hata nukta, jambo lililomfanya asipandishwe cheo miaka kumi na tisa. Mkewe alikuwa mtu wa wali. Kwa hiyo Hatibu hakuwahi kusimama foleni ya mashine hata siku moja.

Siwema alipowaona aliunyoosha mkono kwenye swichi ya dizeli. Mheshimiwa akamzuia kwa kiganja kilekile laini. Asivuruge maisha. Akafungua karatasi, akasoma hoja kuanzia mwanzo mpaka sahihi. Injini ilisema du-du-du-du-du. Siwema akamwangalia kwa heshima, akamalizia debe lililokuwa kinuni, akalikung'uta lile bomba la suruali, kisha akafanya kile alichokifanya kila siku ya Mungu tangu alipokuwa msichana: akainua kiganja chake juu kuiuliza foleni, nani wa dona?

Wakati huohuo Mheshimiwa alikuwa ameuliza, nani anakubali?

Viganja vikapanda. Siwema akainua ngumi: na wa sembe? Ngumi zikapanda. Chausiku, ambaye debe lake lilikuwa limesagwa vibaya, akainua vidole viwili na kuvitikisa kwa hasira.

Karani Hatibu akahesabu, akaandika: Mikono sitini na tatu imekubali. Kati yake, ishirini na sita imekubali kwa ngumi, yaani kwa msisitizo. Mama mmoja amekubali mara mbili. Wa kwanza kuinua mkono ni mwenye mashine mwenyewe.

Mheshimiwa akamshika Siwema mkono akautikisa muda mrefu, macho yakilengalenga. Siwema alifurahi. Alijua mkanda umefika.

*

Kilichofika ni barua. "Hongera!" ilianza. "Umekubali kupumzishwa."

Siwema aliteremka kilima akiwa na unga wake usoni, moja kwa moja mpaka ofisi ya Halmashauri. Mheshimiwa alimkaribisha mkekani, upande wa pili wa kamba.

"Mama yangu! Shujaa wangu! Nimewasimulia watu wa nje habari zako, mwanamke aliyeinua mkono dhidi ya mashine yake mwenyewe kwa faida ya umma. Hawakuamini."

"Hata mimi siamini, Mheshimiwa. Mimi nilikuwa nauliza nani anataka dona."

Mheshimiwa akacheka kwa upole, kama mtu aliyesikia mtoto akikosea kuhesabu. "Karani, soma."

Hatibu akasoma muhtasari. Siwema akamgeukia. "Bwana karani, ndugu yangu, ngumi ni sembe. Kiganja ni dona. Mtaa mzima unajua, hata vichaa."

"Mama, mimi niliandika nilichokiona. Niliona mikono."

"Na mimi niliona mdomo wake unaenda, sikusikia kitu!"

"Hapo ndipo uzuri ulipo," alisema Mheshimiwa. "Hukusikia kwa sababu ya kelele. Umeona sasa kwa nini tunahitaji bustani?"

Siwema aliikunja ile barua ya hongera. Alikuwa na swali moja tu lililobaki, nalo lilikuwa la kweli. "Nitakula nini, Mheshimiwa? Na wale watasaga wapi?"

Mheshimiwa akavua miwani yake, akaifuta mahali ambapo vioo vingekuwapo. "Mama, mimi nasikia uchungu wako. Nausikia kuliko wewe unavyousikia. Ndiyo maana nimekuteua." Akatoa cheti. "Jengo litaondoka, lakini mashine itabaki palepale katikati ya bustani, iwe sanamu ya kumbukumbu. Na wewe ndiye Mlezi wa Sanamu. Ni kazi ya kujitolea, yaani ya heshima zaidi."

Mlangoni, Hatibu alimsindikiza. Alionekana kama mtu mwenye jiwe kiatuni.

"Hizo ishara," alisema, "ziko ngapi?"

"Nne."

"Mimi niliona tatu."

"Ya nne tunaitoa kwa nafaka mbovu tu, bwana karani. Siku ile nafaka yote ilikuwa nzuri."

*

Walezi wakaja na rungu zao za POLE, wakapumzisha bati, nguzo na mlango. Chausiku akalaliwa na rungu mara tatu kwa kukataa kusogea, naye akaanza kuwasifia Walezi mama zao mmoja mmoja kwa majina. Mashine ikabaki peke yake juani. Ikapakwa rangi nyeupe, ikapandiwa maua miguuni, ikabandikwa kibao: KELELE, TULIKOTOKA.

Bustani ilipendeza, lazima isemwe. Kulikuwa na nyasi, benchi sita, na mabango ya kukataza kuzungumza, kucheka, kuita, kupiga chafya bila sababu na kusalimia wazee kwa sauti. Karani Hatibu alihamishiwa hapo kuandika ukimya. Asubuhi: kimya. Mchana: kimya, isipokuwa kunguru, ameonywa.

Wanawake wa Mashineni, wakipita na madebe kwenda ng'ambo ya bonde, walipumzika kwenye zile benchi. Kusema marufuku. Basi wakarudia mikono yao. Mwanzo ilikuwa dona na sembe za kukumbushia tu. Lakini watu wenye umbea hawakai na maneno manne muda mrefu. Baada ya mwezi mmoja pale bustanini palikuwa panasemwa kila kitu: nani kaolewa, nani karudishwa, na Mheshimiwa kaonekana kwenye gari la baiskeli ya akiba na nani. Mabega yalitikisika kwa vicheko visivyo na sauti. Hatibu, aliyekuwa hana la kuandika, alikaa akiangalia. Wiki ya sita Chausiku alimuuliza kwa mikono kama ameoga. Hatibu akajibu kwa mikono kwamba ameoga, ila chenga. Benchi nzima ilianguka kwa kicheko cha kimya.

Siwema peke yake hakucheka. Kila asubuhi alikuja na tambara, kama Mlezi wa Sanamu, akaipangusa mashine nje. Na ndani ya tambara palikuwa na chupa ya oili. Alipaka mafuta kila penye chuma juu ya chuma, akaukaza mkanda, akazungusha gurudumu nusu mzunguko lisishike kutu. Aliinong'oneza kwa mikono, maana mdomo ulikuwa marufuku: subiri.

Jioni alikula mahindi ya kuchemsha.

*

Habari zikavuma kwamba Umoja wa Miji Inayosikiliza umeliteua jiji hilo kuwania Sikio la Dhahabu. Waamuzi watatu wa kigeni walikuwa wanakuja kujionea. Kwa diwani aliyeshinda Sikio, kiti cha uwaziri kilikuwa kimeshafutwa vumbi.

Sherehe ikapangwa bustanini, kimya kimya. Hotuba zote zingeandikwa kwenye mabango, na bango lingeshikwa na nani, kama si yule mama shujaa? Picha ilikuwa tayari kichwani mwa Mheshimiwa: mbele yeye na wageni, nyuma yao mashine nyeupe, pembeni yake Siwema na mabango, na mbele yao umati wa Mashineni ukiinua mikono. Akawafundisha wageni kwa karatasi kwamba hapa kupiga makofi ni kelele. Watu huinua mikono, na mgeni mwenye adabu huinua pamoja nao.

Walezi waliwakusanya watu mia nne na zaidi. Hatibu akakaa na daftari lake. Mheshimiwa akasimama, mgongo kwa Siwema, uso kwa umati na kamera.

Bango la kwanza: KARIBUNI WAGENI WETU. Mikono ikapanda. Mheshimiwa akapunga.

Bango la pili: MHESHIMIWA ANATUSIKILIZA. Mikono ikapanda shingo upande, kwa kuwa Walezi walikuwa wanaangalia. Mheshimiwa akapunga, akaweka mkono kifuani.

Bango la tatu Siwema alikuwa ameliandika mwenyewe, kwa masizi ya chungu, nyuma ya cheti chake cha Mlezi wa Sanamu kilichobandikwa juu ya kipande cha boksi:

NANI ANAKUBALI MASHINE IFANYE KAZI HAPA KUANZIA LEO?

Kwa kitambo hakuna kilichotikisika. Walezi walikuwa wameugeukia umati, kazi yao ni kutazama watu, si mabango. Kisha Chausiku, mwenye alama tatu za POLE mgongoni, akanyanyua kiganja chake mpaka kwapa la gauni likachanika. Pembeni yake ngumi ikapanda. Halafu kilima chote kikaota mikono, viganja na ngumi, vikongwe waliinuliwa na wajukuu ili mikono yao ifike juu zaidi. Mheshimiwa hakuwahi kuona mapenzi makubwa namna ile. Machozi yakamtoka. Akainua mkono mmoja, akaona hautoshi, akainua wote wawili.

Karani Hatibu akasimama. Alikuwa anahesabu kwa kalamu, mdomo ukienda. Kisha akafanya jambo ambalo halijafanywa bustanini humo tangu ifunguliwe. Akasema.

"Hoja imepita."

Mheshimiwa akageuka, tabasamu likiwa bado limemganda. Akasoma bango. Akamsogelea Hatibu na kunong'ona kwa meno.

"Hoja gani, mpumbavu wewe? Futa!"

"Mikono mia nne na kumi na mbili, Mheshimiwa. Ikiwemo miwili yako."

"Mimi nilikuwa napunga!"

"Bila kujali nia, Mheshimiwa," alisema Hatibu, na sauti yake haikuwa na ubaya wowote. "Hali ya hewa wala hali ya kwapa. Ni maneno yako, mimi nayakumbuka tu."

Waamuzi watatu walikuwa wameshatafsiriwa bango. Walikuwa wanatikisa vichwa kwa mshangao mkubwa. Kiongozi aliyeiweka kelele makumbusho, kisha mbele ya dunia nzima akaiachia irudi kwa sababu watu wake wameomba! Mmoja wao alitoa leso. Sikio la Dhahabu likatolewa kwenye boksi lake palepale.

Mheshimiwa aliliangalia lile Sikio, akaiangalia mashine, na ndani ya sekunde moja akawa ametimiza ahadi yake ya siku nyingi.

"Ndugu wananchi!" alipaza sauti, akiikumbatia hewa. "Hii ilikuwa siri yangu kwenu! Tangu siku ya kwanza nilipofika hapa niliahidi..."

Siwema alikuwa ameshaingiza hendeli. Akazungusha mara moja, mara mbili. Mara ya tatu injini ikakohoa moshi mweusi juu ya maua, ikasema du, ikafikiri, ikasema du-du, halafu ikakumbuka kila kitu. Kilima kikatetemeka. Kibao cha KELELE, TULIKOTOKA kikaanguka. Kutoka kwenye bomba la suruali likatoka vumbi la rangi nyeupe na petali mbili tatu, na Chausiku alikuwa ameshafika mbele na debe, maana aliondoka nalo nyumbani kabisa.

Mheshimiwa aliendelea kuhutubia. Ni mtu asiyekubali kuvuruga maisha ya wananchi. Midomo ilikwenda, jasho likachora mifereji, Sikio alilobandikwa na waamuzi likametameta begani mwake.

Siwema akamwangalia. Akamwangalia kama anavyoangaliwa mtu aliyeleta debe. Akanyoosha mkono, akachota kwa vidole hewa iliyokuwa mbele ya kifua cha Mheshimiwa, akaileta karibu na macho yake, akaichungulia. Kisha akainua mkono juu kabisa ili foleni nzima ione. Akasugua kidole gumba na cha shahada. Akavifyatua pembeni.

Mikono mia nne na kumi ikapanda, ikasugua, ikafyatua.

Waamuzi walivutiwa mno na salamu hiyo. Mheshimiwa naye, ambaye hajawahi kukataa salamu ya wananchi, aliinua mikono yake miwili juu kuliko wote, akasugua, akafyatua, akacheka kwa furaha, akarudia mara tatu kwa ajili ya kamera.

Hatibu alikaa chini, akalipuliza vumbi jeupe lililokuwa limetua kwenye daftari, akaandika alichokiona, kama alivyokiona:

"Ajenda ya mwisho: Mheshimiwa Diwani. Uamuzi: ana fukusi, haingii kinuni, arudi alikotoka. Mikono mia nne na kumi na mbili, ikiwemo miwili ya Mheshimiwa mwenyewe. Unaanza kutumika papo hapo."

Akapiga mhuri, akaenda kushika foleni.